Ameshona Jingine

"Nipe diski yangu."

"Sikupi."

"Mzee Mashine, nipe diski yangu kabla sijakuvunjia heshima."

"Umeshanivunjia. Hilo ulilolishika ni shati langu."

Nikatazama. Kweli nilikuwa nimemshika shati, tena kwenye kifungo cha pili, pale bombani mbele ya ndoo za watu. Nikaliachia, ila sikurudi nyuma. Mimi ni mtu wa watu, nyumba yangu haijawahi kukosa mgeni, na jirani namwazima mpaka mwiko; lakini kitu changu nikikitaka, nakitaka. Mzee wa miaka sabini na moja alikuwa amekuja mlangoni kwangu asubuhi hiyo ya Jumamosi, akaniomba kwa adabu aone jalada la diski niliyonunua sokoni, akavaa miwani, akasoma mbele, akasoma nyuma, kisha akaitia diski mfukoni mwa koti na kuondoka nayo kama mtu aliyeokota kofia yake.

"Inaruka," alisema.

"Diski mpya, hata kwenye deki haijaingia, inarukaje?"

"Hizi za siku hizi zinaruka zenyewe."

Mama Pacha wa chumba cha mbele alicheka huku ameinamia beseni lake. "Mama Redio, mwachie mwenzio. Pengine kuna mwanamke humo anamjua."

"Amjulie wapi? Alikuwa anawatazama kwa tundu la ukuta."

Siku nyingine angejibu. Mzee Mashine aliendesha mashine ya sinema kwa miaka thelathini, mpaka jumba lilipofungwa na kugeuzwa ghala la magodoro, na ukimtania kuhusu lile tundu lake atakurudishia mbili kwa moja. Siku hiyo aliukaza mkono mfukoni, juu ya diski.

"Naomba tuongee ndani," akasema. "Wewe na mimi tu. Na huyo redio wako umzime kwanza."

Ndiyo, wananiita Mama Redio, na sikatai. Nasuka nywele sebuleni kwangu. Mtu anayesukwa hana pa kwenda kwa saa nne, kwa hiyo habari hunifikia zikiwa zimekaa kitako. Televisheni yangu haizimwi, birika langu halipoi. Na ile diski niliinunua kwa ajili ya mtu mmoja, Shangazi, fundi cherehani wa chumba cha mwisho, ambaye ukuta wake umepakana na wa Mzee Mashine.

Shangazi si shangazi wa mtu. Hana kaka. Ni jina tu alilopewa na watoto wa nyumba hii, wakakua, wakaondoka, jina likabaki. Ana miaka sitini na mbili. Mkono wake ni mwepesi, na maneno yake machache. Ukimpelekea gauni akurekebishie kiunoni, hakuulizi umenenepa lini. Anakuzungushia futi, ananyamaza, anaandika kwa chaki.

Habari zake mtaa mzima unazijua, maana alinisimulia mimi. Alipokuwa na miaka ishirini na moja alikuwa na mchumba, karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo, mtu wa leo mji huu, kesho mji ule. Siku moja karani akaja kumuaga, akasema kampuni inampeleka ng'ambo. Shangazi akamuuliza atarudi lini. Yule bwana hakutaja mwezi wala mwaka. Alisimama hapo mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Ile picha ya ngazi inakuja kwenu wiki ijayo. Mimi nimeiona huko nilikotoka. Nenda kaione. Nitafanya kama yule bwana."

Akaondoka Alhamisi. Jumatatu picha ikafika. Shangazi akaenda.

Wa umri wangu mnaikumbuka picha hiyo, au mmesimuliwa. Haikuwa na rangi, na lugha yake hakuna aliyeijua, lakini nani alihitaji lugha. Kijana na binti wanapendana, kunakuwa na vita, kijana anaumia mkono, binti anachana gauni lake mwenyewe, lile zuri lenye kola nyeupe, anamfunga jeraha. Kisha kijana anakwenda mbali. Miaka inapita. Na mwisho kabisa, watu wakiwa wameshakata tamaa na vitambaa vya machozi vimelowa, unamwona yule bwana anapanda ngazi, polepole, anagonga, mlango unafunguliwa, na binti amesimama hapo anacheka. Taa zinawaka. Jumba zima linapiga miluzi.

Shangazi alirudi nyumbani akanunua kitambaa, akashona lile gauni. Kola nyeupe, vifungo sita, mikono mirefu. Analo mpaka leo, limefunikwa kwa nailoni nyuma ya mlango. Na kila mwaka analivaa mara moja mbele ya kioo, kisha analifumua pale panapobana au panapopwaya, analipanua, analipunguza, kwa sababu karani wake akirudi asikute gauni halimtoshi. Niliwahi kulishika kwa ndani. Mishono imefumuliwa na kushonwa mara nyingi kiasi kwamba kitambaa kimeingia vitundu vidogo vidogo, kama chujio. Ukitaka kujua alinenepa lini na aliugua lini, soma humo.

Wanaume wawili wa maana walikuja kumposa, aliwarudisha. Na sasa binti wa dada yake, mwenye nyumba nzuri na bustani, alikuwa anambembeleza mwaka wa tatu huu akaishi naye, maana macho yameanza kumchezea na sindano haioni. Jibu lake lilikuwa lile lile. "Nikihama, akija atanikuta wapi?"

Basi niliposikia kwa muuza diski kwamba picha za zamani zimesafishwa na kutolewa upya, na ya ngazi imo, nilisema huyu mama nitamfurahisha. Nikaalika watu. Jumapili saa nane, kwangu, aje mwenye kuja. Shangazi, ambaye hajawahi kufunga kazi kabla ya magharibi, aliniambia atafunga saa saba.

Tulipoingia ndani, Mzee Mashine alikaa kwenye kiti cha kusukia, kile kifupi, magoti yakawa karibu na kidevu. Akaitoa diski, akaniwekea jalada mbele ya macho. Chini ya picha ya yule mwanamke kulikuwa na maneno mawili kwa wino mwekundu: Nakala Kamili.

"Unajua maana yake?"

"Maana yake ni nzima."

"Ile niliyowaonyesha haikuwa nzima."

Nikacheka. "Mlilikata busu?"

"Sikiliza, mwanangu." Hakuwahi kuniita mwanangu. "Picha zile zilikuja katika magurudumu ya ukanda, kila moja kwenye debe lake. Nilipofungua debe la mwisho, nikakuta nusu yake ni masizi. Mji uliotangulia mashine yao ilikwama, taa ikaunguza ukanda. Dakika nane za mwisho, hakuna. Na mlango umeshafunguliwa, watu wanapanga mstari mpaka barabarani. Bosi akaniambia, watu wakitoka hapa na hasira wakavunja viti, wewe kesho usije. Nilikuwa na miaka thelathini, mke wangu mjamzito. Nikachukua mkasi."

"Ukafanyaje?"

"Mwanzoni mwa picha kulikuwa na kipande kijana anapanda ngazi siku ya kwanza anakwenda kumposa binti. Nikakitoa mwanzo, nikakiunga mwisho. Nikakwangua, nikapaka gundi, nikabana. Muungo ule haukuonekana. Nilijisifu."

Birika lilikuwa linachemka, nikalisahau. "Kwa hiyo hakurudi."

"Sijui. Sikuwahi kuziona zile dakika nane. Lakini nilimuuliza mwenzangu wa ule mji mwingine, akaniambia watu walitoka wanalia, wala si kwa furaha."

Nikaanza kuhesabu kichwani, na hesabu ikanikalia vibaya. Yule karani aliiona picha huko alikotoka. Aliiona nzima, kabla haijaungua. "Nitafanya kama yule bwana." Nikakaa chini, sakafuni, maana kiti alikuwa nacho yeye.

"Kuna jingine," akasema. "Ile wiki, siku ya nne, binti mmoja alinisubiri kwenye ngazi za nyuma za jumba. Akaniuliza, samahani kaka, lile gauni si alilichana? Mbona mwisho amelivaa tena? Ndiye mtu pekee mjini aliyeona. Watu mia tano kila siku, na ni yeye tu. Nikaogopa. Nikadhani katumwa na wenye picha. Nikamwambia, ameshona jingine."

"Ndiye Shangazi."

"Akafurahi. Akaniambia, nilijua. Akaenda zake. Mimi sikujua anauliza nini. Nimekuja kujua nilipohamia hapa, miaka kumi na tisa iliyopita, uliponisimulia wewe kwenye kiti hiki hiki."

Nilitaka kumgombeza. Miaka kumi na tisa, ukuta mmoja usiku baada ya usiku, na mdomo umefungwa. Lakini mimi ninayejua maneno yanavyotoka kirahisi nilijua pia kwamba lile likishapita siku ya kwanza haliwi tena jambo la kusema; linakuwa jambo la kuzikwa nalo. Na mtaa ulikuwa unasema yule mzee anampenda Shangazi, ndiyo maana hahami, ndiyo maana anamtengenezea cherehani kibarazani na kumbebea maji. Mtaa ndiye mimi. Nilikuwa nimeshawaoza kwa mdomo zamani.

"Kumbe humpendi," nikasema, kama mjinga.

Akanitazama. "Hilo sikuwahi kujipa nafasi ya kujiuliza."

Tukakubaliana. Deki imeharibika. Nitasema imeila diski asubuhi, nitasikitika, nitawapa watu chai. Diski atabaki nayo yeye. Nilimpa mkono, na niseme kweli, lile lilikuwa neno la kwanza maishani mwangu nililoapa kulimeza.

Jumapili saa saba na nusu sebule ilikuwa imeshajaa. Walikuwepo wenye mikeka yao, wenye stuli zao, Mama Pacha na beseni la karanga, mafundi wawili wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara ambao sikuwaalika na sikuwafukuza. Binti wa dada yake Shangazi alikuwa amekuja pia, na gari, na uso wa mtu anayeanza upya hotuba ya mwaka jana.

Shangazi aliingia mwisho. Alikuwa amelivaa gauni.

Mama Pacha alisogeza beseni ampe nafasi. Lile gauni lilimkaa kama limeshonwa jana. Kola nyeupe, vifungo sita. Nywele alizosukwa kwangu Ijumaa alikuwa amezibana juu. Akakaa mbele kabisa, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyefika kituoni mapema.

"Jamani," nikaanza, na sauti yangu nikaisikia ya mtu mwingine. "Kuna mkosi. Deki imeharibika."

Manung'uniko yakazagaa. Fundi baiskeli mmoja akasema tuilete aifungue, deki na baiskeli ni ndugu. Binti wa dada yake akasema, "Si kitu, Mama Mdogo, nitakutafutia nyumbani kwangu, nina ya kwangu." Shangazi akatikisa kichwa taratibu, akainuka, akalinyoosha gauni nyuma kwa viganja viwili.

"Haidhuru," akasema. "Nimesubiri mengi."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Mzee Mashine alikuwa amesimama hapo hapo, koti lake amelifunga mpaka juu. Nikamwona anampisha. Kisha nikamwona anaacha kumpisha.

"Deki haijaharibika," akasema. "Diski ninayo mimi."

Akaniletea mkononi. Nilitaka kumuuliza kwa macho kama ana hakika, lakini alikuwa hanitazami. Akarudi kwenye kizingiti akakaa chini, mgongo kwenye mwimo, mahali ambapo ungeweza kutoka haraka au kutokwenda popote. Nikaiweka.

Picha ilikuwa imesafishwa kweli. Zamani ilinyesha mvua ya mikwaruzo tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa ungehesabu nyuzi kwenye kofia ya mtu. Majina yakapita. Kisha zikatokea ngazi.

Kijana anapanda, polepole. Anagonga. Mlango unafunguliwa, binti anacheka, kola nyeupe.

"Wameanza na mwisho," akasema fundi baiskeli. "Ndio mtindo wa siku hizi."

"Nyamaza wewe, tazama picha," Mama Pacha akamwambia.

Mimi sikuwa naitazama picha. Nilikuwa naitazama shingo ya Shangazi, pale kola ilipoishia. Haikusogea. Binti kwenye picha alimkaribisha kijana, wakaingia ndani, kukawa na baba na mama na meza, na mambo yakaendelea kutoka hapo, na ikawa wazi hata kwa mafundi baiskeli kwamba huo haukuwa mwisho wa kitu chochote. Ulikuwa ni mtu anakuja kuposa.

Sebule ikanyamaza kabla ya wakati wake. Kwa kawaida watu kwangu husema na picha; wanamwonya mwizi, wanamtukana mama mkwe. Siku ile hata karanga hazikupasuka. Ikaja vita. Ukaja mkono wenye damu, nyeusi kwa kuwa hakukuwa na rangi, na binti akaliinua pindo la gauni akalichana kwa meno, kipande, kipande, kola ikabaki inaning'inia. Shangazi akashusha mkono, akashika pindo la lake. Akalishika tu.

Dakika nane za mwisho ni hizi. Ni jioni, barabara imelowa. Yule bwana amesimama upande wa pili, mvi zimeanza. Anatazama juu, dirishani, kuna taa na kivuli cha mwanamke. Anatazama sana. Anaangalia mkono wake wenye kovu. Kisha anavaa kofia yake, anaiweka sawa kama mtu aliyemaliza shughuli, anaondoka. Juu, mwanamke amehisi kitu. Anashuka ngazi mbio, amevaa koti zito la kawaida, anafungua mlango wa chini. Barabara tupu. Anasimama. Anafunga mlango. Neno moja likaandikwa, na hilo hata kwa lugha ile kila mtu alilijua.

Mama Pacha alikuwa analia waziwazi. Nikazima.

Shangazi hakugeuka. Alisema, "Mzee Mashine."

"Naam."

"Nilikuuliza gauni."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nini?"

"Nikakuambia ameshona jingine."

"Uliunga wapi?"

Akamweleza, kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi: debe, masizi, mkasi, gundi. Hakutaja bosi wala mke mjamzito. Shangazi alisikiliza huku anakipitisha kidole gumba juu ya mshono wa mkono wake, kwenda na kurudi, kama anavyofanya akipokea kazi ya fundi mwingine.

"Muungo wako ulikuwa mzuri," akasema. "Mimi niliona kitambaa. Mshono sikuuona."

Binti wa dada yake akamwekea mkono begani, na Shangazi akauacha hapo kama mtu asiyehisi uzito.

"Miaka arobaini na moja," akasema, na sasa alikuwa hasemi na yeyote, "nikiamka nachagua. Ama amekufa, ama ni mwongo. Siku nikiwa na nguvu namuua. Siku nikichoka namfanya mwongo. Nimemtukana sana yule mtu, chumbani mwangu." Akainyoosha kola. "Kumbe aliniaga. Alikuja mlangoni, akaniaga vizuri, mimi ndiye sikusikia."

Akainuka. Mlangoni ilibidi Mzee Mashine avute miguu ili apite, na akavuta, na gauni likamgusa goti. Tukasikia komeo la chumba cha mwisho.

Watu wakatoka mmoja mmoja bila kuaga, jambo ambalo kwangu halijawahi kutokea. Mzee Mashine alibaki kizingitini mpaka giza. Nilimpa chai, ikapoa mikononi mwake, akanirudishia kikombe kimejaa.

Wiki ile cherehani haikulia. Ukikaa nyumba moja na fundi, hujui kama unasikia cherehani yake mpaka inyamaze. Unaona tu kwamba saa za mchana zimerefuka. Wateja walikuja na vitambaa vyao wakarudi navyo. Nilimgongea mara mbili na bakuli mkononi, akanifungulia, akapokea, akasema asante, akafunga. Mzee Mashine aliendelea kumjazia ndoo na kuiacha mlangoni kama kawaida. Jumatatu ndoo ilikaa pale pale. Jumanne ilikaa. Jumatano niliikuta imemwagwa kwenye mchanga na kuwekwa mlangoni kwa mzee, kichwa chini.

Nami nilikuwa na shida yangu. Kila aliyekuja kusukwa alitaka kusimuliwa, maana nusu ya mtaa haikuwepo. Nilifungua mdomo mara ya kwanza, nikafika pale anapoingia na gauni, nikashindwa. Nikasema ilikuwa picha nzuri, ya huzuni. "Wewe unaumwa," mteja akaniambia.

Wiki ya pili, Jumanne, nikasikia kitu kutoka dirishani kwa Shangazi: kr, kr, kr. Wembe kwenye uzi. Nikaenda na kisingizio cha kuazima pini. Alikuwa amekaa kitandani, dirisha wazi, gauni juu ya mapaja, anafumua. Mikono ilikuwa imeshatoka. Kola ilikuwa pembeni imekunjwa.

"Sitaki kukuona unalichana," nikasema.

"Nani anachana? Kitambaa kizuri hakichanwi." Akavuta uzi, ukatoka mrefu, akauzungusha kidoleni. "Nashona foronya. Mbili zinatoka. Ningelikuwa sikulichezea hivi, zingetoka tatu."

Akanionyesha zile sehemu zenye vitundu, akazikwepa na chaki. Kisha akaniambia, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba Jumamosi binti wa dada yake anakuja na gari. Anahama. Chumba kina dirisha la mashariki, cherehani itakaa hapo. Nikasema vizuri. Nikasema nitakuja kukutembelea. Nikasema mambo mengi, na yote yalikuwa ya mtu asiyejua pa kuweka mikono yake.

"Yeye ameambiwa?" nikauliza, nikionyesha ukuta.

"Redio si wewe?"

Sikumwambia. Mara ya pili maishani mwangu. Nilifikiri hili si langu kulitangaza. Lakini Alhamisi masanduku yalipotolewa nje yakaanikwe, Mzee Mashine alijionea mwenyewe. Alisimama bombani na ndoo tupu, anayatazama masanduku kama yule bwana wa picha alivyolitazama dirisha. Na wazo hilo liliponijia nikageuza uso, kwa sababu hakuwa na kofia ya kuvaa wala mahali pa kwenda.

Ijumaa mchana harufu ya vitunguu ilitoka chumba cha mwisho kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na mbili. Nilikuwa kibarazani na kichwa cha mteja kati ya magoti. Mzee Mashine alikuwa kwenye kigoda chake nje ya mlango wake, anakwangua kutu kwenye kitu kisichokuwa na kutu. Mlango wa Shangazi ukafunguliwa. Alisimama na mwiko mkononi. Ndani, nyuma yake, kuta zilikuwa tupu, misumari tu, na mkeka umetandikwa, sahani mbili juu yake.

Mzee Mashine aliinuka, akavua miwani. "Nilitaka kukuambia," akasema. "Kila mwaka."

"Najua. Ukuta ni mwembamba, nilikuwa nasikia unakohoa kabla hujakosa la kusema."

"Unisamehe."

"Sijasema nimekusamehe. Nimekuja kusema nimepika." Akaufuta mwiko kwa pindo la kanga. "Na kesho saa hizi hapa atakuwa anakula mtu mwingine."

Mzee hakusogea. Alikuwa anaitazama miguu yake, viatu vyake vya zamani vya kazini, vile vya ngozi ambavyo havijawahi kukanyaga chumba kile ingawa ameishi hatua nne kutoka pale kwa miaka kumi na tisa. Mteja wangu akageuza shingo aone. Nikamrudisha kichwa mbele kwa viganja vyote viwili, na safari hii nikafumba macho yangu mwenyewe.

"Fundi mwenzangu," nikamsikia Shangazi akisema. "Vua viatu, ingia ule."